Unapogoa Miti Muthara? Pesa ya Petroli Iingie Kwanza

Miraa ikikosa soko, hata fundi wa kupogoa miti huku Muthara huumia. Soko la Somalia lilifungwa Machi 2020, likafunguliwa tena Julai 2022. Wakati kama huo mteja hukuambia, "Kata tu hiyo mukima, nitakutumia jioni." Na ikishaanguka, utamdai kwa nguvu gani?

Kabla hujawasha msumeno, omba pesa ya petroli na ya vibarua iingie kwa till yako. Usiamini meseji anayokuonyesha kwa simu yake. Angalia salio lako mwenyewe. Pia, till ya kazi isichanganywe na pesa ya nyumbani (karo haishibi!). Pesa iliyobaki ilipwe kabla msumeno haujapanda boda.