Kuning'inia Kwenye Kamba Juu ya Mti: Namna ya Kujiokoa na Huduma ya Kwanza

Kuanguka kutoka juu ya mti ni hatari inayojulikana na kila mtu. Hatari isiyojulikana sana ni ile inayoanza baada ya kamba kumzuia mpandaji asianguke. Hakufika chini wala hakuvunjika mfupa, lakini amebaki akining'inia, hawezi kupanda wala kushuka. Mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza fahamu, na asipoteremshwa mapema anaweza kufa.

Walio hatarini

Nchini Marekani, wawindaji wengi wa kulungu hujificha juu ya miti. Baadhi yao hutumia kiti cha mkanda, yaani kitambaa imara kinachozunguka kiuno na matako na kuunganishwa na shina la mti kwa kamba. Mwindaji huegemea mkanda huo huku miguu ikikanyaga kijukwaa kidogo. Kijukwaa kikichomoka au mguu ukiteleza, uzito wote hubebwa na mkanda. Afrika Mashariki, hali kama hiyo inaweza kumpata mkata matawi, fundi wa nguzo za umeme au fundi wa minara ya simu anayevaa mkanda wa usalama. Mkwezi wa minazi anayetumia kitanzi cha miguu pekee hayumo katika kundi hili, kwa kuwa hana kamba ya kumshika akiteleza.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapotembea, misuli ya miguu hubana mishipa ya damu na kuisukuma damu irudi moyoni. Mwili ukining'inia wima bila miguu kusogea, damu hutuama miguuni. Aidha, mishipa ya fahamu inaweza kuufanya moyo upunguze mapigo ghafla, shinikizo la damu likashuka na ubongo ukakosa damu ya kutosha. Mtu anayezirai akiwa amesimama ardhini huanguka na kulala, na damu hufika tena kichwani. Aliyeshikwa na mkanda hawezi kulala, hivyo kile ambacho kingemponya hakitokei.

Katika majaribio ya kitabibu, watu wenye afya njema walioning'inizwa bila kusogea walionyesha dalili za kuzirai, baadhi yao katika dakika chache tu. Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu, weupe wa uso, kuona giza na ganzi ya miguu.

Hatua za kujiokoa

1. Mpandaji aite msaada mara moja kwa filimbi au simu. Vifaa hivyo viwe mwilini, si ndani ya mkoba ulioachwa chini ya mti.

2. Aisogeze miguu bila kukoma. Shina likiwa karibu, alisukume kwa nyayo, kwa zamu, kana kwamba anatembea.

3. Aondoe uzito mapajani. Kwa kusudi hili, kila mpandaji abebe kitanzi cha kamba kinachotosha mguu. Kitanzi kifungwe kwenye kamba kuu kwa fundo la Prusik, ambalo husogezwa kwa mkono lisipobeba kitu, lakini hubana linapobeba uzito. Akisimama ndani ya kitanzi, misuli ya miguu hufanya kazi na mkanda hulegea.

4. Akiweza, arudi kwenye kijukwaa au ashuke. Ili kushuka, anahitaji kamba ndefu inayofika ardhini pamoja na kifaa cha kushukia alichokwisha kujifunza kukitumia. Asikate kamba wala kufungua mkanda akiwa bado juu.

Ujuzi huu haupatikani siku ya ajali. Mazoezi yafanyike mita moja au chini ya hapo kutoka ardhini, mwenzake akiwa karibu. Kamba ya kujifungia isiachwe ikilegea, kwa maana kulegea huongeza umbali wa kuanguka na kishindo chake. Kabla ya kuondoka nyumbani, mpandaji amweleze mtu atakakokuwa na saa ya kurudi.

Huduma ya kwanza

Waokoaji wamteremshe majeruhi haraka iwezekanavyo bila kujihatarisha. Wakiwa wanaandaa kamba, aliye karibu amwinulie miguu au aitegemeze.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba aliyeteremshwa akalishwe kwanza, asilazwe, kwa hofu kwamba damu iliyotuama ingeudhuru moyo. Mapitio ya ushahidi yaliyofanyika Uingereza mwaka 2009 hayakupata uthibitisho wa fundisho hilo. Majeruhi alazwe chali. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua, njia yake ya hewa ilindwe. Asiyepumua aanzishiwe mara moja ufufuaji wa moyo na mapafu. Ikiwa alijigonga kwenye shina au alianguka, shingo na uti wa mgongo visisogezwe ovyo.

Katika kituo cha afya

Mhudumu aulize majeruhi alining'inia kwa muda gani na kama alipoteza fahamu. Aliyening'inia kwa muda mrefu, hasa zaidi ya saa mbili, anaweza kuwa na misuli iliyoharibika. Misuli hiyo humwaga potasiamu na mioglobini katika damu. Ya kwanza huvuruga mapigo ya moyo, ya pili huziba figo. Apimwe umeme wa moyo, potasiamu, kreatinini na kreatini kinasi, na kiasi cha mkojo kifuatiliwe. Mkojo wenye rangi ya chai nzito ni ishara ya hatari. Aongezewe maji ya chumvi kwa mshipa, na kituo kisicho na vipimo hivyo kimpe rufaa mapema, hata kama anajisikia vizuri.

Mkanda humkinga mpandaji dhidi ya kuanguka, lakini haumteremshi. Kila anayejifunga kamba ili apande mti anapaswa kujua, kabla ya kuinua mguu, atashukaje endapo kamba hiyo itamnasa.