Maji ya Rangi Katika Mashimo ya Machimbo



Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa lami katika miaka ya 2010. Kazi kama hiyo hutaka kifusi na mawe mengi, nayo huchimbwa karibu na barabara. Shimo lisipofukiwa, mvua hulijaza. Baadaye maji hubadilika rangi, yakawa mekundu, ya kijani au ya buluu. Watoto huona bwawa la kuogelea, na wachungaji huona mahali pa kunyweshea. Sasa je, rangi hizo zinatuambia nini?

MAJI MEKUNDU

Udongo wa Ufipa una chuma. Zamani wazee wa Kifipa walikiyeyusha katika matanuri marefu yaitwayo malungu, wakafua majembe. Jembe likiachwa mvuani hushika kutu. Chuma cha udongoni nacho hushika kutu, kikayatia maji wekundu. Maji hayo huficha kina cha shimo.

MAJI YA KIJANI

Hii ni kazi ya mwani, yaani vimea vidogo sana. Mbolea na samadi zikisombwa na mvua, mwani hupata chakula na kuongezeka upesi. Aina nyingine za uchafu huo wa kijani zina sumu iwezayo kuua ng'ombe. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini sumu hiyo hubaki.

MAJI YA BULUU

Mwanga wa jua una rangi nyingi, kama tuonavyo katika upinde wa mvua. Maji yenye kina humeza rangi nyekundu na kuturudishia buluu. Basi buluu si dalili ya usafi. Mara nyingi ni dalili ya kina kirefu.

Karibu na mji wa Buxton, Uingereza, kuna machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Maji yake yalikuwa ya buluu ya kupendeza mno, lakini chokaa iliyayafanya makali, yenye kuunguza ngozi. Mabango ya kuonya yaliwekwa, lakini watu waliendelea kuogelea. Mwaka 2013 wakuu wa huko waliyatia maji rangi nyeusi ili yasivutie tena.

TUFANYE NINI?

1. Tusinywe maji ya shimo wala kunywesha mifugo humo.
2. Tuwakataze watoto kuogelea. Kingo ni za mteremko mkali na huteleza. Hata ajuaye kuogelea hushindwa kutoka.
3. Mtu akizama, tumrushie kamba au mti mrefu. Tusijitose ovyo, tusije tukafa wawili.
4. Serikali ya kijiji ikubaliane na mchimbaji, kabla hajaanza kazi, kwamba atafukia shimo au kulaza kingo zake. Akishaondoka, kumpata ni taabu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu kuna mashimo mangapi yenye maji? Nani aliyachimba?
2. Kwa nini maji ya buluu yanaweza kuwa ya hatari kuliko ya matope?
3. Shimo lipi lifukiwe kwanza, na lini?