SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI: NANI AAMUE MATIBABU?

Mama anapoambiwa ana saratani, nani aamue matibabu yake? Daktari, mume, wakwe, au yeye mwenyewe?

Sisi tuliotoka Kongo tumezoea kumwitikia daktari "ndiyo" hata kama hatukuelewa. Tunadhani kuuliza ni kumkosea heshima. Sivyo. Daktari anaujua ugonjwa, lakini hajui kwamba una watoto wanne wasio na mtu wa kuwachukulia mgao, wala hajui kama bado unataka kuzaa. Hayo unayajua wewe, na yanaweza kubadili matibabu.

Saratani hii huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Kwa kawaida huchukua miaka mingi kukua, lakini kwa mwenye virusi vya Ukimwi huenda haraka zaidi. Ukipimwa mapema, mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Dalili za mwanzo zinaweza kugandishwa au kuunguzwa, na kizazi kikabaki. Hapo hakuna mengi ya kuamua.

Ugumu huanza saratani yenyewe inapoonekana. Ikiwa ni ndogo sana, wakati mwingine daktari hukata kipande tu cha mlango, na mama anaweza kuzaa baadaye. Ikiwa imekua kidogo, kizazi chote hutolewa. Ikiwa imeenea jirani, hutumika mionzi pamoja na dawa za saratani. Mionzi hiyo hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani. Ile ya nje haiumi wakati wa kupigwa, lakini huleta uchovu na kuharisha. Baada yake hedhi hukoma na mama hazai tena. Kwa sisi tulio kambini Tanzania, matibabu hayo yako mbali: Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Panahitajika rufaa na kibali cha kutoka kambini.

Basi kabla ya kutia sahihi au dole gumba, muulize daktari: Ugonjwa wangu umefika hatua gani? Je, matibabu haya ni ya kuniponya, au ni ya kunipunguzia maumivu? Kuna njia nyingine? Nikikataa itakuwaje? Nitaweza kuzaa? Kama hujaelewa jibu, sema hujaelewa. Unaweza pia kuomba siku chache za kufikiri. Lakini usizigeuze kuwa miezi, maana saratani haisubiri.

Jambo jingine halisemwi sana. Katika mpango wa UNHCR, rufaa za gharama kubwa hupitia kamati, ambayo huangalia matumaini ya kupona na gharama. Kamati husoma yaliyoandikwa na daktari. Kwa hiyo mweleze daktari kila kitu kabla hajaandika: damu ilianza lini, umetumia dawa gani, hata zile za kienyeji. Ukificha, barua nayo itakuwa na upungufu.

Kuhusu mkalimani, usimchukue mtoto wako. Binti wa miaka 12 hawezi kumtafsiria mama yake habari ya kizazi; ataruka maneno kwa aibu. Omba mkalimani mtu mzima, na kama unataka awe mwanamke, sema.

Akina baba, msikasirike. Ni vizuri mume aje, maana yeye ndiye atakayebaki na watoto wiki hizo zote. Lakini mimi naona mama aongee na daktari peke yake kwanza. Mwili ni wake, na sahihi ni yake. Na ile desturi ya familia kumwambia daktari "usimwambie mgonjwa" inamnyima mama nafasi ya kupanga: watoto wakae na nani, vyeti viwekwe wapi, azikwe wapi.

Ikiwa daktari anasema ugonjwa umeenea sana na hauponi, uamuzi bado upo. Mionzi michache inaweza kupunguza damu. Morfini ya kunywa hutuliza maumivu makali, wala si dawa ya kumharakisha mtu kufa, kama inavyosemwa huko sokoni. Mwingine atachagua safari ya Dar es Salaam hata kwa matumaini madogo. Mwingine atachagua kubaki hapa na watoto wake, atulizwe maumivu nyumbani. Asilaumiwe.

Kama una barua ya hospitali usiyoielewa, ilete kwa mhudumu wa afya wa kijiji chako. Tutaisoma pamoja kwa faragha, na tutaandika maswali yako kwenye karatasi uende nayo kwa daktari.