Mgomba ndani ya fleti: taa ya rangi gani?

Goma, Bukoba au Bujumbura, mchana ni kama saa 12 karibu mwaka mzima. Hapa London mwezi Desemba mchana ni kama saa 8 tu, na fleti nyingi za Edgware Road zina dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine. Mgomba ulio kwenye chungu sebuleni unaweza kupita kiangazi vizuri, kisha kuanzia Oktoba majani mapya yakatoka membamba, ya kijani hafifu, na shina likainama kuelekea kioo. Msikimbilie kuongeza mbolea. Hiyo ni njaa ya mwanga.

Ndiyo maana tunaulizwa kuhusu taa za LED za kukuzia mimea: tununue nyekundu, bluu, zambarau au nyeupe?

Tuanze na jani lenyewe. Watoto wenu shuleni watafundishwa usanisinuru, yaani jinsi jani linavyotumia mwanga kujitengenezea chakula kutokana na maji na hewa. Umbijani, ile rangi ya kijani iliyomo ndani ya jani, hunyonya zaidi mwanga wa bluu na mwanga mwekundu. Bluu huufanya mmea uwe mfupi na imara. Mwekundu husukuma ukuaji, lakini ukiwa peke yake mmea hurefuka na kulegea. Kwa hiyo watengenezaji walichanganya vijitaa vya rangi hizo mbili, na ndipo ikapatikana taa ya zambarau.

Taa hiyo inafanya kazi, ila mimi siishauri kwa nyumba ya familia. Kwanza, mwanga wa kijani nao una faida: hupenya ndani zaidi ya jani na kufikia majani ya chini. Pili, chini ya zambarau huwezi kuona jani likianza kuwa la njano au kushambuliwa na wadudu, na mtoto hawezi kusoma vizuri katika chumba hicho. Tatu ni jambo ambalo maboksi hayasemi. Mwanga wa zambarau unaoonekana dirishani usiku huwafanya watu wafikirie bangi, kwa sababu wanaoilima kwa siri ndani ya nyumba hutumia taa za kukuzia mimea. Kulima bangi hapa ni kosa la jinai. Kuotesha mgomba si kosa, lakini familia iliyo ngeni kwenye jengo haihitaji kugongewa mlango ili ieleze tofauti. Kama tayari mnayo ya zambarau, fungeni pazia na mwambieni mwenye nyumba mapema kwamba ni mgomba.

Nunueni nyeupe. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni kijitaa cha bluu kilichopakwa dawa ya njano, hivyo ndani yake mna bluu, kijani na nyekundu pia. Kwenye boksi tafuteni namba yenye herufi K. 3000K inaelekea rangi ya njano, 6500K inaelekea bluu. Kwa mgomba mnaotaka utoe majani, chochote kati ya 4000K na 6500K kinatosha.

Ukweli ni kwamba rangi ikishakuwa nyeupe, umbali una uzito kuliko rangi. Ukiipeleka balbu mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani hubaki kama robo tu. Balbu iliyo darini haisaidii kitu. Ishusheni hadi sentimita 30 au 40 juu ya jani la juu, na muipandishe kadiri mgomba unavyokua. Tumieni taima ya kuchomeka ukutani, iwake saa moja asubuhi na kuzima saa moja jioni (kwenye taima ni 07:00 na 19:00). Waya ukae mbali na maji ya chungu.

Sasa mita. Angalieni wati ambazo taa inatumia kweli, si ile namba kubwa ya matangazo inayosema "sawa na wati 1000". Taa ya wati 30 ikiwaka saa 12 hutumia uniti 0.36. Kama uniti ni peni 25, hiyo ni peni 9 kwa siku, pauni 2.70 kwa siku 30. Ya wati 100 ni pauni 9. Wekeni bei iliyo kwenye bili yenu na mpige hesabu kabla ya kununua, hasa wenye mita ya kulipia kabla. Mwezi ambao pesa hazitoshi hita na taa, washeni hita. Chini ya nyuzi 14 mgomba hukaribia kusimama kukua hata ukiwa na taa nzuri.

Mkungu msiutegemee. Mwaka 1835 mtunza bustani Joseph Paxton aliufanya mgomba mfupi utoe maua huko Chatsworth, Derbyshire, lakini alikuwa na nyumba ya vioo yenye joto, na tajiri wa kulipia: William Cavendish, ambaye jina lake bado liko kwenye ndizi za njano za madukani hapa. Aina hiyo fupi, Dwarf Cavendish, ndiyo inayofaa chini ya dari zetu. Ulizeni kwenye maduka ya mimea. Ndizi ya sokoni haina mbegu ya kupanda, na chipukizi kutoka nyumbani haliingii nchini bila cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo msimwombe shangazi alifunge kwenye sanduku.