Mapokeo na Vioja katika Mlo wa Sikukuu ya Shukrani ya Marekani

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi, dhana ya mapokeo huhusishwa zaidi na neno linalotamkwa: ngano, methali, wimbo na utenzi. Mlo wa sherehe haujapewa nafasi kubwa, ingawa nao hurithishwa kwa mdomo na kwa vitendo, una fanani na hadhira yake, na hurudiwa kwa vipindi maalumu. Makala haya yanachunguza mlo wa familia katika Sikukuu ya Shukrani, ambayo huadhimishwa nchini Marekani kila Alhamisi ya nne ya Novemba. Hoja kuu ni kwamba kioja, yaani chakula au kitendo ambacho familia moja hukishikilia na majirani hukistaajabia, si ukiukaji wa mapokeo. Kioja ni njia ambayo familia huitumia kuyafanya yake mapokeo ambayo, kwa sehemu kubwa, yalitungwa nje ya nyumba yake.

2.0 Chimbuko la Mlo wa Kawaida

Mlo unaochukuliwa na wengi kuwa wa kawaida huwa na bata mzinga wa kuokwa, mkate uliokolezwa viungo na kujazwa ndani yake, viazi vilivyopondwa, mchuzi mzito, rojo ya kranberi na pai ya boga. Simulizi ya kitaifa huunasibisha mlo huu na karamu iliyofanyika Plymouth, Massachusetts, mwaka 1621, baina ya walowezi wa Kiingereza na watu wa taifa la Wampanoag.

Ushahidi wa maandishi, hata hivyo, ni haba. Barua ya Edward Winslow, iliyochapishwa mwaka 1622, inaeleza karamu ya siku tatu iliyohudhuriwa na kiongozi Massasoit pamoja na watu wake wapatao 90, ambao walileta kulungu watano. Winslow anataja ndege waliowindwa, lakini hasemi kwamba walikuwa bata mzinga, wala hataji pai. Aidha, yeye mwenyewe hakuiita karamu hiyo sikukuu ya shukrani. Jina hilo lilibandikwa mwaka 1841, Alexander Young alipoichapisha barua hiyo upya na kuongeza maelezo yake.

Orodha ya vyakula nayo ina historia yake. Mwaka 1827 Sarah Josepha Hale, katika riwaya yake *Northwood*, alisawiri meza ya Shukrani ya New England, bata mzinga akiwa amewekwa mahali pa heshima na pai ya boga ikisifiwa. Baadaye, akiwa mhariri wa jarida la wanawake la *Godey's Lady's Book*, aliendesha kampeni ya miaka mingi kutaka siku hiyo iwe ya taifa zima. Rais Abraham Lincoln alitoa tangazo mwezi Oktoba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha sikukuu hiyo kwa wiki moja ili kurefusha msimu wa biashara. Baadhi ya majimbo yalikataa, na ugomvi huo ulimalizwa na sheria ya mwaka 1941 iliyoweka Alhamisi ya nne.

Ni dhahiri, basi, kwamba mlo huu ni mfano mzuri wa kile ambacho Hobsbawm na Ranger (1983) wanakiita mapokeo yaliyobuniwa. Ranger, ambaye aliwahi kufundisha historia Dar es Salaam, pamoja na mwenzake walionyesha kuwa desturi zinazodaiwa kuwa kongwe mara nyingi zina umri mdogo na kusudi mahususi.

3.0 Kiwanda Mezani

Katika karne ya 20 mtungaji mwingine aliingia jikoni, naye ni kiwanda. Viazi vitamu vinavyookwa kwa kufunikwa na mashmelo vilienezwa na kijitabu cha mapishi ambacho Janet McKenzie Hill alikiandika mwaka 1917 kwa ajili ya kampuni iliyouza mashmelo. Maharagwe mabichi yanayookwa pamoja na supu ya uyoga ya kopo na vitunguu vya kukaanga yalibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, mfanyakazi wa kampuni ya supu ya Campbell. Leo vyakula vyote viwili huitwa na familia nyingi "mapishi ya bibi".

Wallendorf na Arnould (1991) waliuchunguza mlo huu na kubaini kwamba familia hujitahidi kuondoa dalili za dukani. Chakula hutolewa katika pakiti na kupakuliwa katika vyombo vya nyumbani. Kiungo kimoja huongezwa, na chakula huhesabiwa kuwa kimepikwa nyumbani. Hoja yao ina uzito, lakini haielezi hali zote. Zipo familia ambazo hutoa rojo ya kranberi ya kopo ikiwa nzima, ikisimama kwenye sahani na mikunjo ya kopo ikionekana ubavuni. Mpishi akiiponda au akipika kranberi mbichi badala yake, watoto hulalamika kwamba hiyo si Shukrani. Hapa alama ya kiwanda haikufichwa. Imegeuzwa kuwa alama ya nyumba.

4.0 Sarufi ya Vioja

Douglas (1972) anauona mlo kuwa mfumo wenye nafasi na kanuni. Mtazamo huu unasaidia kuonyesha kwamba vioja havitokei ovyoovyo. Meza ya Shukrani ina kiini, yaani ndege, na nafasi zinazomzunguka: wanga, mboga, kitu kikali au chachu, na kitamutamu. Katika kila nafasi familia ina uhuru wa kuteua.

Katika mji wa Baltimore, ambako Wajerumani wengi walihamia, kabichi iliyochachushwa huandamana na bata mzinga. Familia nyingi za Wamarekani Weusi huhesabu makaroni ya jibini kuwa ya lazima, na huweka pai ya viazi vitamu palipo na pai ya boga kwa wengine. Familia zenye asili ya Italia huweza kutanguliza lazanya kabla ya ndege kuletwa. Wapuertoriko humkoleza bata mzinga kwa kitunguu saumu na oregano, kama wafanyavyo kwa nyama ya nguruwe ya kuchoma. Katika nyumba za wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, pilau na chapati huchukua nafasi ya wanga. Hata wasiokula nyama huilinda nafasi ya kiini: tangu mwaka 1995 wamekuwa wakiuziwa Tofurky, soya iliyotengenezwa ili ikae mahali pa ndege.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mtangazaji Susan Stamberg, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisimulia redioni karibu kila mwaka jinsi ya kutayarisha kranberi za mama mkwe wake. Kranberi hizo husagwa pamoja na kitunguu, sukari, krimu iliyochacha na mzizi mkali uwashao kama haradali, kisha hugandishwa, na rangi yake huwa ya waridi iliyokolea. Wasikilizaji walicheka, wengine walikunja uso, lakini kila Novemba waliitarajia simulizi hiyo. Baadaye ilibainika kwamba mama mkwe aliichukua kutoka safu ya mapishi ya Craig Claiborne katika gazeti la *New York Times*. Ugunduzi huo haukuipunguzia hadhi. Kilichoifanya kuwa mapokeo si chimbuko lake, bali ni kurudiwa kwake na jina la aliyeirithisha.

5.0 Kinachoachwa Nje ya Meza

Fomula huamua pia kipi kisitajwe. Simulizi ya mwaka 1621 huishia kwenye karamu na kunyamazia maradhi, vita na unyang'anyi wa ardhi vilivyowapata Wawampanoag. Mwaka 1970 Wamsutta Frank James, Mwampanoag, alialikwa kuhutubia katika maadhimisho ya miaka 350 tangu walowezi wafike. Waandaaji walipoisoma hotuba yake waliikataa, naye akakataa kusoma nyingine. Tangu mwaka huo Wenyeji wa Marekani na wanaowaunga mkono hukusanyika Plymouth siku ya Shukrani kwa ajili ya Siku ya Taifa ya Maombolezo. Baadhi yao hufunga siku hiyo. Mfungo huo nao ni utendaji: unaijibu karamu kwa sahani tupu.

Jambo hili linaonyesha uzito wa hoja ya makala haya. Ikiwa mlo ungekuwa matini isiyobadilika, familia ingelazimika ama kuupokea wote pamoja na ukimya wake, ama kuukataa. Lakini maadamu kila meza huufanyia mabadiliko, inawezekana pia kubadili simulizi inayoandamana nao.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mlo wa kawaida wa Shukrani ulijengwa na wahariri, serikali na viwanda, na kwamba vioja vya familia huteuliwa ndani ya nafasi zinazofuata kanuni. Kwa mkusanyaji wa mapokeo, funzo ni bayana. Lahaja ya simulizi au ya desturi inayoonekana kuwa ya ajabu isitupwe kwa kisingizio kwamba si halisi, kwani aghalabu ni hapo ambapo wenye mapokeo wametia mkono wao wenyewe.