Mwili Unauma, Vipimo Havioni Kitu: Kijitabu kwa Familia za Butembo na Beni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Butembo bado ina baridi na ukungu umelala mabondeni. Mama mmoja wa komine ya Vulamba ameketi ukingoni mwa kitanda. Alilala tangu saa mbili usiku, lakini ameamka kama mtu aliyelima usiku kucha. Anajaribu kukunja vidole vishike mpini wa jembe. Havikunjiki vizuri mpaka jua lipande. Shingo inauma, mabega, nyonga, magoti, hata ngozi ya kiuno pale anapofunga kikwembe. Chini ya godoro kuna mfuko wa plastiki uliojaa karatasi za vituo vya afya: malaria hakuna, tifoidi imetibiwa mara tatu, picha ya mgongo haina kasoro. Pamoja na karatasi hizo kuna pakiti tupu za vidonge.

Nyumbani wameanza kunong'ona. Mama mkwe anasema ni uvivu. Jirani anasema ametupiwa kitu. Mume hasemi neno, lakini hesabu ya pesa zilizokwenda farmasi anaijua.

Kijitabu hiki ni cha nyumba hiyo nzima. Tunaanza na jambo ambalo bila hilo mengine hayatasaidia: maumivu ya mama huyo ni ya kweli. Karatasi safi inasema tu kwamba kipimo kile hakikuuona ugonjwa wake. Haisemi kwamba anadanganya, wala haisemi kwamba amelogwa.

Mbwa asiyeacha kubweka

Mishipa ya fahamu inafanya kazi kama mbwa wa lango. Mwizi akija, anabweka, watu wanaamka. Ukichomwa na mwiba, mishipa inapiga kelele, unautoa mguu. Katika ugonjwa unaoitwa fibromialjia, mbwa huyo amezoea kubweka mchana na usiku. Anambwekea mtoto anayetoka shule, anaubwekea upepo mlangoni. Mfupa haujaoza na nyama haijachanika, ila ubongo na uti wa mgongo vinapokea kila mguso kana kwamba ni pigo.

Daktari huufikiria ugonjwa huu pale maumivu yanapokuwa pande zote mbili za mwili, juu na chini ya kiuno, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, yakiandamana na usingizi usiopumzisha na kusahausahau. Mama anaingia jikoni, anasimama, hakumbuki alifuata nini. Katika nchi nyingi ulikopimwa, hukadiriwa kuwapata watu 2 hadi 4 kati ya 100, wanawake zaidi ya wanaume. Unaweza kuanza baada ya ugonjwa mzito, ajali, msiba mrefu au miaka ya kulala vibaya. Wakati mwingine hakuna chanzo kinachoonekana.

Ndugu yake wa karibu ni uchovu sugu. Huu unatambulika kwa jinsi unavyodai deni. Jumamosi mtu anajisikia ana nguvu, anafua nguo zote za wiki. Jumapili anafika misa, anarudi vizuri. Jumatatu hawezi kuinua kichwa, na hali hiyo inaweza kuendelea siku tatu au wiki. Kwa sababu adhabu inachelewa kufika, watu hawaiunganishi na kazi ya Jumamosi. Wanasema: lakini juzi tulimwona mzima!

Waliopona Ebola

Kwetu jambo hili lina sura yake. Tangu Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 3,400 waliugua, karibu 2,300 wakafa. Zaidi ya 1,100 walitoka wazima, na tunawaita washindi. Wengi wao walitoka kituoni kwa nyimbo na cheti mkononi, kisha wiki chache baadaye viungo vikaanza kuuma, kichwa kikauma, nguvu zikakataa kurudi.

Jambo hilo halikuanzia kwetu. Kikwit, baada ya Ebola ya mwaka 1995, waganga waliona washindi wakilalamikia viungo. Liberia, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2019 uliwalinganisha washindi na watu wa karibu nao ambao hawakuugua, na washindi ndio walioongoza kwa uchovu, maumivu ya viungo na misuli, maumivu ya kichwa na kusahau. Kwa hiyo mshindi anayesema amechoka anasema kitu ambacho waganga wanakijua. Uchovu wake hauambukizi. Kula naye sahani moja, kumpa mtoto ambebe, kukaa naye benchi moja kanisani, hakuna hatari yoyote humo.

Kwa nini sindano hazimalizi

Diklofenaki ilitengenezwa kutuliza uvimbe na maumivu yake. Kwenye fibromialjia hakuna uvimbe wa kutuliza, kwa hiyo sindano inampa mgonjwa afueni ya siku moja, au hakuna kabisa, na ikirudiwarudiwa inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo. Tramadoli humfanya mtu asahau maumivu kidogo, kisha mwili unaidai zaidi na zaidi. Kipimo kikubwa kinaweza kuleta degedege. Serumu ya maji na sukari haiongezi nguvu kwa mtu anayekula na kunywa. Ni pesa ya ada ya shule iliyotundikwa ukutani.

Deksa (deksamethasoni) ndiyo inayotuogopesha kuliko zote, kwa sababu siku za kwanza inapendeza. Mtu anaamka mwepesi, anapata hamu ya kula, mashavu yanajaa, majirani wanasema amepona. Mashavu hayo si afya. Ikiendelea, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, mwili unashindwa kupambana na kifua kikuu. Aliyeitumia wiki nyingi asiikate ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe inayofanana na dawa hiyo. Aende kwa daktari apunguziwe polepole.

Ipo dawa ambayo daktari anaweza kuijaribu, amitriptilini, kwa kipimo kidogo cha jioni. Huwasaidia baadhi ya watu kulala na kupunguza maumivu, baada ya wiki kadhaa. Wengine haiwasaidii, na hilo si kosa lao. Wataalamu wa Ulaya walipopitia ushahidi wote wa fibromialjia mwaka 2016, hakuna dawa hata moja waliyoipendekeza kwa nguvu. Walichokipendekeza kwa nguvu ni mazoezi ya mwili.

Kabla ya kufika huko, hakikisheni mara moja, vizuri, kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Upungufu wa damu huchosha. Kisukari huchosha, vivyo hivyo VVU, kifua kikuu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe kwa wanaokunywa maziwa mabichi, na huzuni nzito. Muulizeni muuguzi ni vipimo gani kati ya hivyo vinapatikana kituoni, na ni vipi vinavyohitaji hospitali kubwa kama Matanda, Kitatumba, Katwa au hospitali kuu ya Beni. Vikiwa safi, acheni kuvirudia kila mwezi. Hapo kazi inahamia nyumbani.

Usile mtaji

Butembo ni mji wa biashara, kwa hiyo tuseme kwa lugha ya dukani. Mfanyabiashara anayekula mtaji kwa sababu leo soko limechangamka, wiki ijayo hana bidhaa. Nguvu za mgonjwa huyu ni mtaji mdogo. Siku nzuri ndiyo siku ya hatari, kwa sababu ndiyo siku anayotaka kulipa madeni yote ya wiki. Afanye sehemu ya kile anachoweza, kisha akae, akiwa bado anajisikia kuendelea. Hili ni gumu sana kwa mama aliyelelewa akijua kwamba mwanamke mwema hakai kabla ya jua kuzama.

Chukueni kaye ya shule. Kwa wiki mbili, kila jioni mtoto aandike: mama alifanya nini, alilala vipi, maumivu ni mangapi kati ya 10. Baada ya wiki mbili someni pamoja, mkitazama siku mbaya na siku mbili zilizoitangulia. Mara nyingi mtakuta kitu kilekile: siku ya kuni, siku ya kufua, siku ya kupanda mlima na mzigo.

Mzigo tuuseme wazi. Mama zetu hubeba mgongoni kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso: muhogo, kuni, na mara nyingine mtoto mbele. Shingo inavuta kilo 40 kwenye mteremko wenye matope. Kwa mgonjwa wa fibromialjia mkanda huo unapaswa kupumzishwa. Mzigo wa shamba upande shukudu au pikipiki, hata kama ni mara moja kwa wiki na majirani wawili wakichangia nauli. Maji yaletwe kwa bidoni za lita 5, mkono huu moja na ule moja, na bidoni ya lita 20 ichotwe na baba au kijana. Tunajua baadhi ya wanaume wanaona aibu kuonekana kwenye bomba. Tumewaona pia wanaokwenda bila aibu, na nyumba zao zina amani zaidi.

Kumenya muhogo na kuchambua sombe kufanyike kwa kukaa, mgongo ukiegemea ukuta. Maharagi yalowekwe usiku, yaive upesi, kuni zipungue. Kutwanga kuwe kwa zamu, na anayetwanga apumzike kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Halafu mwili utembezwe. Mwenye maumivu bila ile adhabu ya kuchelewa aanze na dakika 5 za kutembea mahali tambarare, kila siku, mvua au jua, na kuongeza dakika 1 au 2 kila wiki. Maumivu kuongezeka kidogo mwanzoni si dalili kwamba anajivunja. Lakini yule ambaye kaye yake inaonyesha kwamba akijikaza anaanguka siku ya pili, asilazimishwe. Waingereza waliufuta mwaka 2021 ushauri wao wa zamani wa kuwaongezea wagonjwa hao mazoezi kwa ratiba, kwa sababu wengi walisema uliwaumiza. Huyu abaki ndani ya mtaji wake, hata kama ni kunyoosha mikono kitandani tu.

Usingizi una uchungu wake hapa. Kwa watu wa Beni, Oicha na Eringeti, ambako mauaji yameendelea tangu Oktoba 2014, kulala fofofo kunaweza kuonekana kama uzembe. Hatuwezi kuwaambia msiogope. Tunachoshauri ni saa ileile ya kulala na kuamka, kahawa isipite saa sita mchana, pombe ya kasiksi isigeuzwe dawa ya usingizi. Pale penye wasiwasi, watu wazima wagawane zamu ya kukesha, ili mgonjwa ajue kuna mtu aliye macho. Aliyeona mabaya na anayaota kila usiku azungumze na mshauri wa afya ya akili. Reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu, atawaonyesha pa kumpata.

Msingoje

Yako mambo ambayo hayaingii kwenye kaye; hayo ni ya kufika kituoni mara moja. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto. Homa, jasho la usiku, mwili unaokonda. Mguu uliokufa ganzi au mkojo usiozuilika. Maumivu ya kifua. Mgonjwa akisema heri afe, asiachwe peke yake, na aliyesikia asimgombeze, ampeleke kituoni. Mshindi wa Ebola anayepata homa mpya au kichwa kinachouma kupita kiasi awaarifu waganga mara moja, hata kama miezi mingi imepita. Na ambaye jicho limekuwa jekundu, linauma kwenye mwanga au linaona ukungu, afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe wa ndani ya jicho ukitibiwa mapema, macho yanaweza kuokoka, ukiachwa, unaweza kupofusha.