Mistari ya Nakshi Imeanza Kunipotea

Shangazi, mimi ni mama wa miaka 47, mkaazi wa Tabaka, Kisii. Tangu niolewe kazi yangu ni kusugua mawe kwa msasa na kuyachora nakshi. Siku hizi mistari myembamba siioni mpaka ninyooshe mikono, na jioni ndiyo siambulii kitu kabisa. Juzi mnunuzi alirudisha sahani akidai twiga wamepinda. Mume wangu, mwenye miaka 54, anasema ni vumbi la mawe, ingawa yeye mwenyewe husoma simu akiwa ameiweka mbali kama anayeiogopa. Jirani ameniambia nikivaa miwani macho yatazoea uvivu. Sokoni kuna kijana anayeuza matone ya kusafisha macho. Nafikiria kumwachia binti yangu nakshi, mimi nibaki na msasa. Nifanyeje?
Mama Mchoraji, Tabaka

Mama, nakshi usimwachie mtu kwa sababu hiyo. Mtoto wa Tabaka, mchongaji Elkana Ong'esa, alikuwa na umri wa karibu miaka 70 alipokwenda Washington mwaka 2014 kwenye tamasha la Smithsonian, na bado alikuwa akichonga.

Unayoyaeleza huwapata karibu watu wote wakishapita miaka 40, awe mchongaji, karani au askofu. Ndani ya jicho mna lenzi ambayo ujanani ni laini na hubadili umbo ili tuone kitu kilicho karibu. Miaka ikisonga hukakamaa. Wataalamu huiita hali hiyo presibiopia. Unaponyoosha mikono unalipeleka jiwe mahali ambapo lenzi bado inaweza kuliona sawasawa. Jioni mboni hupanuka kutafuta mwanga, na mboni ikipanuka ukungu wa karibu huzidi. Kwa hiyo nakshi zichore mchana, penye mwanga, na jioni ubaki na msasa.

Vumbi la mawe halileti shida hiyo. Lina makosa yake mengine: chembe zake hukwaruza jicho, na wanaochonga jiwe likiwa kavu wangefaa kuvaa miwani ya kukinga macho. Chembe ikiingia, usifikiche. Mwagia maji safi mengi.

Jirani yako naye mwambie kwamba lenzi hukakamaa uvae miwani usivae. Ndiyo maana namba ya miwani hupanda kidogo kidogo hadi mtu akaribie miaka 60 na kitu. Atakachokiona mtu aliyeanza kuvaa ni kwamba ule ukungu aliokuwa akiuvumilia sasa unamkera akiivua, kwa kuwa ameshaonja kuona vizuri.

Kuhusu matone nitakuwa mkali. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Marekani iliidhinisha matone yenye pilokapini, ambayo hubana mboni kwa saa chache ili mtu aone karibu. Hayo huandikwa na daktari na hayaondoi tatizo. Chupa ya sokoni hujui ina nini. Ikiwa ina steroidi, ukiitumia muda mrefu inaweza kukuletea mtoto wa jicho au kupandisha presha ya macho, na hapo utakuwa umenunua upofu kwa pesa zako. Utomvu wa majani na maji ya chumvi, ambavyo wengine hutia machoni, navyo viache shambani na jikoni.

Dawa yako ni miwani, na hapa ndipo watu hukosea. Wengi hununua ile yenye nguvu zaidi wakidhani ndiyo bora. Nguvu hutegemea umbali wa kazi. Pakata jiwe kama unavyofanya siku zote, kisha binti yako apime kwa uzi kutoka jichoni mwako hadi jiweni. Anayesoma Biblia huishika kama sentimita 40 hivi. Mchoraji huenda jiwe lake liko sentimita 50 au zaidi, na miwani yake itakuwa hafifu kidogo. Kwa umri wako wengi hutumia kati ya +1.50 na +2.00. Beba uzi huo, na sahani moja yenye nakshi, uende navyo kwa mpimaji. Ukiinuka kuvuka barabara, ivue, kwa sababu vitu vya mbali vitakuwa na ukungu.

Gharama isikutishe kabla hujahesabu faida. Huko Assam, India, wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miwani ya karibu. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: ongezeko la majani waliyochuma wenye miwani liliwazidi wenzao kwa takriban asilimia 21.7. Ninyi wa Kisii mnaijua chai. Kama jani linahitaji jicho, sembuse mstari wa twiga.

Lakini usinunue miwani ya barabarani bila kupimwa hata mara moja. Baada ya miaka 40 kuna glakoma, ambayo kwetu Waafrika huja mapema na kwa ukali zaidi, tena haiumi. Huanza kula pembeni mwa uoni, na kilichopotea hakirudi. Sukari nayo huyumbisha macho. (Na ukisikia mzee amerudishiwa macho ya ujana, anasoma bila miwani, usishangilie mno: mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza.) Jicho likiuma na kuwa jekundu, ukiona vimulimuli au pazia, au jicho moja likififia ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ulizia kwanza hospitali ya misheni hapo Tabaka. Wasipokuwa na mpimaji, panda gari hadi Hospitali ya Rufaa ya Kisii, uwaambie wakupime na presha ya macho. Na mzee wa nyumba umchukue. Huyo wa simu ya mbali ana miaka 54, na vumbi analolisingizia halijawahi kumpima macho.